Habari za Watu Waliopiga Chapa Vitabu Vyao Wenyewe

Wazee wetu husema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ni ya kweli sokoni. Mama mwenye ndizi nzuri pale Tengeru hana haja ya kupaza sauti; hukaa kimya mbele ya mikungu yake, na wanunuzi humjia wenyewe. Lakini sisi tulio waalimu huku chini ya Mlima Meru tumejiuliza mara nyingi kama methali hii ni ya kweli pia kwa vitabu. Maana ndizi huonekana kwa macho, na asali huonjwa kwa ncha ya kidole. Bali kitabu kilichofumbwa hakionyeshi kilichomo ndani yake, wala mpita njia hawezi kukionja.

Sababu ya kuandika habari hizi ni hii. Mara kwa mara hutujia kijana, na pengine mzee, naye amechukua daftari mkononi, limefungwa vizuri katika kitambaa. Ndani yake ameandika habari za ukoo wake, au hadithi alizozisikia kwa bibi yake, au mashairi aliyoyatunga usiku baada ya kazi ya shamba. Hutuuliza, "Mwalimu, nifanyeje daftari hili liwe kitabu?" Ni rahisi kumjibu, "Lipeleke kwa wachapaji wakubwa wa Dar es Salaam au Nairobi." Lakini twajua kwamba madaftari mengi ya namna hii hayapokelewi huko, si kwa kuwa ni mabaya, bali kwa kuwa mwandishi hajulikani na wasomaji wake ni watu wa vijiji vichache. Basi tukaona yatupasa kutazama nyuma, tuone watu wa Afrika ya Mashariki waliokuwa wageni katika kazi hii walifanya nini, na ni nani aliyewachukulia vitabu vyao mpaka vikafika kwa wasomaji.

Kwanza tuwatazame watu wawili wa jirani zetu wa Kilimanjaro. Wa kwanza ni Nathaniel Mtui wa Marangu, mwalimu wa misioni ya Kilutheri. Kati ya mwaka 1913 na 1916 aliandika madaftari tisa ya historia ya Wachagga: habari za wamangi, vita vyao, na jinsi nchi zile ndogo za mlimani zilivyoinuka na kushuka. Aliyasikia mambo hayo vinywani mwa wazee ambao leo hayupo hata mmoja wao. Mwalimu Mtui alifariki mwaka 1927, na madaftari yake hayakuwa yametoka kuwa kitabu chenye jina lake. Wataalamu waliokuja baadaye ndio walioyatumia, kama Bi. Kathleen Stahl katika kitabu chake cha historia ya Wachagga cha mwaka 1964. Kwa hiyo watu wa nje waliijua kazi ya Mtui, nasi twawashukuru walioitunza. Lakini mtoto wa Marangu aliyekwenda dukani kununua kitabu cha Mtui hakukipata.

Wa pili ni Petro Itosi Marealle, naye pia mtu wa Marangu, aliyekuwa mangi. Yeye aliandika kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kikapigwa chapa Nairobi na English Press mwaka 1947. Ni kitabu cha desturi: kuzaliwa, kuoa, kulima, kuzeeka na kufa. Kwa kuwa kilipigwa chapa, kiliweza kuishi kuliko mwenyewe. Na mwaka 2002 kikatolewa tena Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Tazameni basi tofauti. Watu wawili wa nchi moja, wote wenye elimu na bidii. Hatusemi kwamba mmoja alikuwa mwandishi bora kuliko mwenziwe. Twasema tu kwamba maneno ya mmoja yalibaki katika madaftari, na maneno ya mwingine yalipata nakala nyingi. Daftari moja laweza kuliwa na mchwa usiku mmoja. Nakala mia tano zilizo katika nyumba mia tano si rahisi kuliwa zote.

Sasa turudi kwetu Meru. Historia yetu ina mambo mazito. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Na baada yake ikaja adhabu ya Wadachi iliyoharibu nchi. Mwaka 1902 misioni ilianzishwa Nkoaranga, na mwaka 1904 Ilboru kwa Waarusha. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngarenanyuki ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu. Nyumba zikachomwa, mifugo ikapotea. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akaeleza madai ya watu wake.

Je, habari hizo ziliandikwa lini katika vitabu? Kirilo Japhet mwenyewe, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, walitoa kitabu cha kesi ile ya ardhi mwaka 1967, Nairobi, yaani miaka kumi na mitano baada ya safari yake. Mwaka huo huo Anton Nelson, Mmarekani aliyefanya kazi na Wameru, alitoa kitabu chake. Mwaka 1974 Ismael Mbise, mwana wa nchi hii, alitoa riwaya yake juu ya msiba ule ule. Vitabu hivi vitatu ni hazina, nasi twavisifu. Lakini vyote vitatu viliandikwa kwa Kiingereza. Bibi aliyefukuzwa Ngarenanyuki akiwa na mtoto mgongoni, kama alijua kusoma, alijua kusoma Kiswahili. Naye hakuweza kuvisoma vitabu vya kilio chake mwenyewe. Wala vitabu hivyo havikuweza kutaja kila boma na kila jina. Mambo hayo madogo, ambayo kwa watu wa nyumbani ndiyo makubwa, yamo katika madaftari ya watu wetu, tena yamo vichwani mwa wazee ambao kila mwaka twawazika. Ndiyo maana habari hii ya vitabu vidogo si mchezo kwetu.

Basi ni nani waliopata kupiga chapa vitabu vyao wenyewe? Wa zamani katika nchi hizi ni Sir Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, aliyeshika kazi hiyo tangu mwaka 1889 mpaka 1926. Yeye aliandika historia ya wafalme wa Buganda, na desturi za watu wake, na hata habari za ukoo wake wa Nsenene, maana yake panzi. Alikuwa na mtambo wake mwenyewe wa kupiga chapa huko Mengo. Hapo msomaji atasema, "Huyo alikuwa mtu mkubwa, mwenye mali. Sisi hatuna mtambo wala ukatikiro." Ni kweli. Kwa hiyo tuwatazame watu wadogo.

Henry Muoria wa Kabete, katika Kenya, aliyezaliwa mwaka 1914, alikuwa mtumishi wa reli, akisafiri na magari ya moshi. Hakupata shule nyingi, lakini alijifunza kazi ya uandishi kwa masomo yaliyoletwa kwa posta. Mwanzoni mwa mwaka 1945 alitoa kijitabu kwa Kikikuyu, na jina lake lilikuwa swali: Tufanye nini, watu wetu? Kilinunuliwa; naye mwaka ule ule akaacha kazi ya reli akaanzisha gazeti lake, Mumenyereri. Angalieni jambo moja hapa. Hakuanza na kitabu kikubwa chenye maneno ya watu wote wa dunia. Alianza na karatasi chache, kwa lugha ya nyumbani, juu ya swali ambalo kila jirani alikuwa akilizungumza. Kitabu kilipowafikia watu walikuta kinaendeleza mazungumzo ambayo wao wenyewe walikuwa wameyaanza. Gazeti lake likaendelea mpaka mwaka 1952. Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya yeye alikuwa London, akabaki huko, akawa tena mtumishi wa reli, safari hii ya chini ya ardhi.

Mwenziwe ni Gakaara wa Wanjau wa upande wa Nyeri, mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri, aliyezaliwa mwaka 1921. Baada ya kazi ya jeshi alitoa mwaka 1946 kijitabu juu ya mambo ya uchumba na ndoa. Baadaye akaanzisha kazi ya vitabu kwa jina lake mwenyewe, akitoa vijitabu vyembamba, hadithi na nyimbo na mashauri, kwa Kikikuyu. Mwaka 1952 alikamatwa kwa sababu ya maandiko yake, akakaa kifungoni miaka mingi. Huko aliandika habari za siku zake kwa siri. Alipotoka hakuiacha kazi. Aliishika tena, na mji mdogo wa Karatina ukawa makao ya mtambo wake. Habari zile za kifungoni zilipotoka kuwa kitabu, zikapata mwaka 1984 tuzo ya Noma, iliyokuwa tuzo kubwa ya vitabu vya Afrika. Mtu huyu hakuhamia mji mkuu kutafuta heshima. Alikaa karibu na soko la wakulima, akawauzia wakulima, na heshima ikamfuata huko huko.

Na Shaaban Robert je? Wengi hudhani kwamba mshairi mkuu kama huyu hakuwa na taabu ya kutoa vitabu. Alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akawa karani wa serikali maisha yake yote ya kazi, tangu forodhani. Tena alipata kukaa jirani zetu: kati ya mwaka 1944 na 1946 alikuwa kazini Longido, upande wa kaskazini wa mlima wetu, katika njia ya Nairobi. Yamkini alipotazama kusini asubuhi ya anga safi aliuona Meru kama tunavyouona sisi, ila kwa mgongo wake.

Watu walimjua Shaaban Robert kwanza kwa mashairi yake katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Yaani kabla hajawa na kitabu alikwisha kuwa na wasomaji. Kisha vitabu vyake vikatoka mbali: Pambo la Lugha huko Johannesburg, Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952 kwa wachapaji wa Uingereza. Lakini katika miaka yake ya mwisho vitabu vyake kadhaa, kama Masomo Yenye Adili, vilitolewa pale pale Tanga, kwa jina la Art & Literature. Mtu mwenye sifa kubwa vile, wala hakuona aibu kwamba kitabu chake kitoke mjini kwake badala ya kutoka London. Alipofariki mwaka 1962 aliacha maandiko yaliyokuwa hayajatoka: Kufikirika kilitoka mwaka 1967, Utubora Mkulima mwaka 1968. Hata yeye hakuwahi kuyamaliza yote. Basi sisi tunaosema, "Nitapiga chapa mwakani," na tutafakari hilo.

Baada ya uhuru, vijana wa Dar es Salaam walifanya vivyo hivyo kwa riwaya. Kajubi Mukajanga alikuwa na Grand Arts Promotion. Elvis Musiba, aliyeandika habari za mpelelezi Willy Gamba, alikuwa na Continental Publishers. Ben Mtobwa alikuwa na Heko Publishers. Vitabu vyao vilikuwa vidogo, vya kutiwa mfukoni, vyenye picha kwenye jalada. Wako waliovidharau. Lakini watu walivisoma katika mabasi na vibandani mpaka majalada yakachanika. Kadhalika huko Nigeria, katika soko la Onitsha kando ya mto Niger, tangu miaka ya 1940 vijitabu vya namna hii viliuzwa kando ya vitambaa na samaki, mpaka vita ya mwaka 1967 ilipoivunja biashara ile.

Katika habari hizi zote, ndugu wasomaji, hatukuona hata kitabu kimoja kilichojiuza. Kila kimoja kilikuwa na mchukuzi. Ushahidi mkubwa tunao katika mji wetu wenyewe. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, likapigwa chapa kuwa kijitabu chembamba. Kijitabu kile kilifika vijijini kote Tanzania, mahali ambapo hata magazeti hayakufika. Je, ni kwa kuwa kilijiuza? La. Ni kwa kuwa chama cha TANU kilikuwa na watu katika kila kijiji, nao wakakichukua, wakakisoma mbele ya watu, wakakieleza. Sisi hatuna chama wala serikali ya kutuchukulia vijitabu vyetu. Lakini tunao jamaa, na wanafunzi wetu wa zamani, na majirani, na watu wa gulioni. Hao ndio wachukuzi wetu.

Hapo yafaa kueleza njia moja ya zamani iliyomsaidia maskini. Robert Burns alikuwa mkulima wa Scotland, mwenye shamba baya na madeni. Mwaka 1786 alitaka kupiga chapa mashairi yake, naye hakuwa na fedha. Alifanya hivi: alipiga chapa kwanza karatasi za tangazo tu, zikieleza kitabu kitakuwa cha namna gani na bei yake shilingi tatu, zikiacha mahali pa watu kuandika majina yao. Rafiki zake wakazichukua karatasi zile huku na huku, na kila aliyetaka kitabu akaandika jina na idadi. Alipokwisha kuona majina yanatosha, ndipo mpiga chapa wa mji mdogo wa Kilmarnock alipoanza kazi. Nakala 612 zilipigwa, na zaidi ya nusu yake zilikuwa zimekwisha kuagizwa kabla wino haujakauka. Zikaisha upesi, na mwaka uliofuata chapa nyingine ikatoka Edinburgh.

Njia hii ni nzuri kwa sababu tatu. Kwanza, mwandishi hujua mapema kama watu wanakitaka kitabu chake au wanamsifu kwa heshima tu. Pili, haingii deni kubwa. Tatu, kila aliyeandika jina lake huwa amekuwa mshiriki. Hukingoja kitabu, hukiuliza, na kikija huwaonyesha wengine. Wameru wanaijua njia hii vizuri, maana ndiyo waliyoitumia kumpeleka mjumbe wao New York: kila nyumba ikatoa kidogo, na safari ikawa ya wote.

Tungependa kusema kwamba sisi tulikuwa na hekima hiyo tangu mwanzo, lakini sivyo. Miaka kadhaa iliyopita, waalimu wachache tulikusanya hadithi za wazee wa upande wetu, tukazipeleka kwa mpiga chapa mmoja mjini. Yeye alituonyesha kwamba taabu ya kupanga kurasa ni ile ile kwa nakala mia moja au elfu moja, kwa hiyo kadiri nakala zinavyozidi, bei ya nakala moja hupungua. Jambo hilo ni la kweli, nasi tukalipokea kwa furaha. Tukaagiza nakala elfu moja, wala hatukuuliza hata mtu mmoja kama atanunua. Tena tulikuwa na haraka, maana siku ya sherehe ya shule ilikuwa karibu. Tukaletewa karatasi za kusahihisha jioni, tukazirudisha asubuhi. Vitabu vilipokuja tukaona kwamba jina la mzee mmoja aliyetusimulia hadithi nyingi kuliko wote limekosewa, mahali pote. Mzee yule alikuwa kipofu. Mjukuu wake alipomsomea jina lile, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyo ni nani?"

Siku ya sherehe tuliuza nakala sitini. Nyingine tuliwapa watu kwa mkopo bila kuandika, tukiona haya kumdai mtu senti za kitabu. Zilizobaki tukaziweka katika chumba cha shule, chini sakafuni, tukasema, "Chema chajiuza." Mvua za masika zilipokwisha tukafungua chumba, tukakuta mchwa wamesoma kabla ya wasomaji. Mzee yule alifariki mwaka uliofuata, nasi hatukuwa tumemletea kitabu chenye jina lake sahihi. Jambo hilo hutuuma mpaka leo kuliko hasara ya fedha.

Katika kosa letu na katika habari za wale waliotutangulia tumepata mafundisho haya, nasi twayaandika hapa kwa faida ya mwenye daftari.

Kijitabu cha kwanza na kiwe kidogo. Karatasi hukunjwa, kwa hiyo kurasa za kijitabu cha kushonwa katikati huenda kwa nne nne: kurasa 32, au 48, zatosha. Siku hizi kwa kazi ya kompyuta mtu aweza kupiga chapa nakala hamsini tu, aone zinakwendaje, kisha aongeze. Gharama ya kila nakala ni kubwa kidogo, lakini nakala hamsini zilizosomwa ni faida kuliko elfu zilizoliwa na mchwa.

Karatasi za kusahihisha zisomwe na watu watatu, na mmoja wao awe mtu asiyeijua habari ile, maana mwenye habari husoma kilicho moyoni mwake, wala haoni kilicho kwenye karatasi. Majina ya watu na ya mahali yasomwe kwa sauti mbele ya wenyewe.

Kabla ya kitabu, wasomaji watafutwe. Shaaban Robert alianza na shairi gazetini. Mtu wa kwetu aweza kuanza na hadithi moja iliyosomwa shuleni siku ya wazazi, au mbele ya kikundi cha akina mama, au katika redio ya mjini. Mtu aliyeonja hadithi moja atauliza zilizobaki.

Kitabu kipelekwe mahali watu walipo na fedha mkononi. Duka la vitabu mjini Arusha ni zuri, lakini mwenye duka ana vitabu vingi, hatakisifu chako. Bali siku ya gulio la Tengeru, au Jumapili baada ya ibada wakati wa mnada wa mazao, pale pana watu wanaolijua jina la baba yako. Omba ruhusa kwa heshima, simama, soma ukurasa mmoja tu, ule ulio bora, kisha nyamaza na uketi. Usisome wa pili.

Hesabu iandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari. Andika nakala ngapi zimepigwa, ngapi zimeuzwa, ngapi ziko kwa nani. Nakala chache ziwekwe kando tangu siku ya kwanza: za Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, za maktaba ya mkoa, na za shule zote za karibu. Hizo hazileti fedha, lakini ndizo zitakazompa mjukuu wako kitabu wakati wewe hupo.

Wengine watauliza, "Je, si kiburi mtu kusimama gulioni akisifu kazi yake mwenyewe?" Swali hili ni la haki, na limewafunga midomo watu wengi wema. Sisi twajibu hivi. Akisema, "Nisomeni mimi, maana mimi ni mwandishi mkubwa," hicho ni kiburi. Lakini akisema, "Hapa pana habari za babu zenu, nimezikusanya kwa miaka saba, njoni mtazame kama nimekosea," huo ni utumishi. Muoria hakujitangaza nafsi yake; aliuliza swali la watu wake. Naye aletaye habari njema ya wazee hapaswi kuificha chini ya kitanda kwa jina la unyenyekevu, kisha mchwa wakaila.

Basi na methali yetu tuifanyeje? Hatuthubutu kuwasahihisha wazee. Twafikiri tu kwamba wao waliisema juu ya vitu vinavyoonekana. Nasi tumeona katika historia hii kwamba chema kilichofichika hakiwezi kujiuza mpaka mtu akifunue. Chajiuza baada ya msomaji wa kwanza, naye huyo wa kwanza lazima afuatwe kwa miguu.

Waalimu wale wachache tumekubaliana kupiga chapa hadithi zile tena mwaka huu, nakala mia moja, na majina ya waagizaji yamekwisha kuanza kuandikwa. Nakala ya kwanza haitauzwa. Tutaichukua mpaka nyumbani kwa mjukuu wa mzee yule, tumsomee jina la babu yake lililopigwa chapa sawasawa. Nawe, ndugu msomaji, kama unalo daftari katika kitambaa, lifungue leo. Hesabu kurasa zake. Kisha nenda kwa jirani mmoja, umsomee hadithi moja.